Mapazia ya Mtaa wa Alma

Jumanne ile Mama Milcah hakuimaliza chai yake ya asubuhi. Nilikuwa nimemwekea kikombe kwenye kimeza cha dirishani, nikaenda kuanika shuka uani, na niliporudi kikombe kilikuwa bado cha moto lakini yeye hakuwepo tena. Alikuwa ameegemea kiti chake, uso umeelekea barabarani, kama mtu anayengoja kuona ni nani atakayepita. Nilimwita. Nikamgusa mkono. Kisha nikampigia simu mwanawe, Owen, aliyekuwa kazini uwanja wa ndege, nikamwambia aje nyumbani. Hakuniuliza kwa nini.

Watu wa ambulensi walikuja, na polisi wawili, wote wakizungumza kwa sauti ya chini. Machela ilipotolewa nje, jua la mwezi wa saba lilikuwa limeshapamba moto. Barabara ilikuwa tupu. Mapazia ya kila nyumba yalikuwa yamefungwa. Mama alipita mbele ya majirani wake wote na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba amepita.

Hilo ndilo lililoniuma. Kifo chenyewe alikuwa amekingoja kwa utulivu, miaka yake sabini na saba ikimtosha. Lakini mimi nilikuwa nimemwahidi kwamba siku ya kuondoka kwake mtaa utajua, na tayari nilikuwa nimemwacha atoke kimya kimya.

Naitwa Velma. Nilimtunza Mama Milcah miaka minne hapa Al Thumama, mjini Doha, katika kompaundi yenye vila kumi na mbili, sita upande huu na sita upande ule, zikitazamana juu ya barabara moja fupi. Nilipofika kutoka Mbale ya Vihiga sikumjua mtu. Mama alinionyesha chumba changu, akaondoka, akarudi na kitu kimefungwa ndani ya soksi ya sufu. Ilikuwa chupa ya mpira yenye maji moto. Akaiweka kitandani, miguuni.

"Mama," nikamwambia, "huku ni jangwani."

"Huko nje ni jangwani. Humu ndani Owen ametuwekea baridi ya Januari. Lala."

Nililala vizuri. Baadaye ndipo aliponieleza ile soksi ilianzia wapi.

Alizaliwa Kaimosi. Mwaka wa 1969, akiwa msichana, alienda Uingereza kusomea uuguzi, na hospitali iliyompokea ilikuwa katika mji mdogo wa viwanda vya pamba huko kaskazini, mji unaoitwa Brackenshaw. Alidhani atakaa miaka mitatu. Aliolewa huko huko na mwalimu aliyemfuata kutoka nyumbani, akamzaa Owen huko, akazalisha watoto wa watu huko mpaka wale watoto wakaja kuzaa mikononi mwake. Alipoanguka ngazini ndipo Owen akamleta Doha, baba yake akiwa ameshazikwa Kaimosi.

Brackenshaw naijua kwa masikio tu. Hata nikienda sasa sitaiona, maana kiwanda kilifungwa, ule mtaa aliokaa, Mtaa wa Alma, ukabomolewa, na pale palipokuwa na nyumba pana maegesho ya magari ya duka kubwa. Lakini najua kwamba nyumba zake zilikuwa zimeshikana mkono, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, hata jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka. Najua kwamba Ijumaa wanawake walipiga magoti nje na kusugua vizingiti vya milango kwa jiwe maalumu mpaka ukingo ukawa mweupe, na kwamba jiwe hilo walilipata kwa mzee mwenye mkokoteni aliyelibadilisha na matambara. Najua pia kwamba mara moja kwa mwaka kiwanda kilifungwa wiki nzima, na mji wote ukapanda treni kwenda baharini, wiki ileile, watu wale wale, wakakaa ufukweni karibu na majirani walewale waliowaacha nyumbani.

"Sasa walienda kupumzika na nini?" nilimuuliza.

"Na moshi," akasema. "Watu wenyewe hawakuwa na neno nao."

Alipofika, nyumba tatu zilimwambia chumba kimeshachukuliwa. Kwenye moja, lile bango la kutangaza chumba lilikuwa bado dirishani. Mama hakulisimulia hilo kwa uchungu. Alilisimulia haraka, kama mtu anayepita mahali penye matope, ili afike kwa Bi Edna. Bi Edna alikuwa mfumaji kiwandani, mjane, na alikuja hospitali kufungwa kidole. Alimtazama Mama viatu, akamwambia hivyo viatu havitavuka Januari, akamuuliza analala wapi. Jioni hiyo Mama alihamia namba tisa, Mtaa wa Alma. Kitandani alikuta chupa ya udongo yenye maji moto, imevikwa soksi ya marehemu mume wa Bi Edna.

Kwa hiyo soksi yangu ya kwanza Doha ilitoka Brackenshaw. Huwa nafikiria hivyo.

Sasa kuhusu mapazia. Katika mtaa ule, mtu akifa, siku ya kuzikwa kila nyumba ilifunga mapazia ya mbele, mchana kweupe, na hayakufunguliwa mpaka gari la maiti lilipokuwa limepita na kukata kona. Hakuna aliyetangaza. Walijua tu. Mama hakujua. Alikuwa ametoka kazini zamu ya usiku, amelala, akaamshwa na ukimya. Akachungulia kutoka dirisha la juu, akaona mtaa mzima umefungwa.

"Nikasema, hawa wameenda baharini," alinisimulia. "Wameenda wote, hata Bi Edna, na hawakuniambia. Nikakasirika. Nikafungua mapazia yangu yote mawili, na dirisha, niingize hewa, kama mama yangu alivyonifundisha. Na gari hilo linapita. Jeusi, refu, linang'aa. Nyuma yake gari lingine, na ndani namwona mke wa Mzee Arthur wa namba ishirini. Nikafurahi kuona mtu ninayemjua."

"Ukafanya nini?"

"Nikampungia mkono."

Nilicheka mpaka nikaweka pasi chini.

"Wewe cheka. Na nilikuwa na nguo ya kulalia. Arthur ndiye aliyekuwa kwenye lile gari la mbele. Na ni yeye aliyekuwa ananisalimu kila asubuhi nikitoka zamu, peke yake katika mtaa mzima."

"Mkewe alikasirika?"

"Aliinua mkono naye. Glavu nyeusi. Na baadaye akaja kwa Bi Edna, mimi nimejificha jikoni, akasema, mwambieni huyo binti nashukuru. Watu wote walimfungia Arthur pazia, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini aliyemuaga ni mmoja."

Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi, na kila mara nguo ya kulalia ilikuwa na rangi tofauti.

Barabara ya kompaundi yetu Mama aliiita Mtaa wa Alma. Kwake, askari wa lango, Kiptoo, alikuwa jirani, na akimpelekea chai alimwita hivyo. "Mtu wa mwisho kuniita jirani alikuwa kwetu Kapsabet," Kiptoo aliwahi kuniambia. "Hapa naitwa sikyuriti." Na kila alfajiri, na tena jioni jua likishuka, nilimfungulia Mama mapazia akae dirishani, na aliyepita alipungiwa mkono, akijibu asijibu.

Siku moja, kabla ya Pasaka, alinianza.

"Hapa nikifa nitapitia kago. Owen amenieleza. Karatasi, sanduku, ndege."

"Mama, ongea mengine."

"Naongea hayo hayo. Ndege sina neno nayo. Lakini nisiondoke kama kontena la mtu. Nipitishwe barabarani kwangu. Mtaa ujue."

"Mtaa upi, Mama? Hawa hata jina lako hawalijui."

"Yule Mhindi mzee wa namba nne ananijua. Hunipungia mkono."

"Anafukuza nzi."

"Basi na mimi humsaidia kufukuza." Akanitazama. "Utawaambia wafunge mapazia?"

"Nitawaambia."

Ndiyo ahadi yenyewe.

Owen alipata kibali cha kumsafirisha Mama siku ya Jumapili. Alikuwa mezani na simu zake mbili nilipomwambia. Nilieleza kwa kifupi, nikijua ana mengi: kwamba gari likitoka chumba cha maiti kwenda kago, lipite kwanza hapa.

"Mama alikuambia hivyo?"

"Aliniambia."

Aliweka simu zote mbili kifudifudi. "Nilikaa ule mtaa mpaka nilipofika miaka saba," akasema. "Wakifunga mapazia, sisi watoto tulipelekwa jikoni, nyuma. Sikuwahi kuona chochote." Kisha akasema, "Nitaongea na dereva. Wewe ongea na lango."

Langoni Kiptoo alinisikiliza huku akikuna shingo.

"Siste, gari ya maiti kuingia kompaundi? Supervaiza ataniuliza inatembelea nani."

"Mwambie inamtembelea mwenyeji."

"Mwenyeji gani?"

"Aliye ndani ya gari."

"Hiyo siwezi kumwambia," akasema. "Lakini geti nitafungua. Yule shosho alikuwa jirani yangu."

Ijumaa jioni nilizunguka nyumba hadi nyumba. Nilianza na mwisho wa barabara. Niliposema Mama Milcah amefariki, watu walishtuka kweli. Madamu wa namba tatu, Mlebanoni, aliniletea maji akanishika bega. Nilipowaomba wafunge mapazia Jumapili saa nane mchana, wote walikubali, papo hapo, bila hata kuuliza sababu. Nilishukuru moyoni. Nilijisemea kwamba watu ni wema kuliko tunavyodhani.

Namba saba nilimkuta Faridah, dada wa Uganda anayefanya kazi pale, akitoa takataka.

"Nnyabo, nifunge mapazia saa nane mchana?"

"Ndiyo."

"Mwezi wa saba?"

"Ndiyo, Faridah. Ni kwa heshima ya Mama."

Aliuweka mfuko chini taratibu. "Velma, dadangu. Yalifunguliwa lini?"

Niligeuka nikaitazama barabara. Jua lilikuwa linashuka, na bado mapazia yote yalikuwa yamefungwa, mazito, mengine yamewekewa karatasi ya kung'aa nyuma yake ili kurudisha joto. Ndivyo yalivyokuwa tangu mwezi wa tano, na ndivyo yatakavyokuwa mpaka wa kumi. Hapa pazia hufungwa asubuhi kama mtu anavyovaa viatu. Kila mtu alikuwa amenikubalia kufanya kile ambacho angefanya hata kama Mama hangekufa, wala hangewahi kuzaliwa.

"Sasa nitamfanyia nini?" nikamuuliza Faridah.

"Mimi sijui kwenu mnafanyaje. Kwetu tungelia."

"Si kwetu. Ni Uingereza."

"Basi hao ndio sijui kabisa," akasema, akauchukua mfuko wake.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti cha Mama. Nilikuwa na aibu, na pia nilikuwa na hasira naye kidogo, kwamba ametoa desturi yake mahali penye mawingu akaileta mahali penye jua, bila kufikiri. Kisha nikamkumbuka katika nguo yake ya kulalia, dirishani, akimpungia mkono mjane wa Arthur. Watu wote walifunga pazia. Aliyemuaga ni mmoja.

Nikainuka, nikaanza upya kutoka mwisho wa barabara.

Safari hii haikuwa rahisi. Kufunga hakumgharimu mtu kitu. Lakini kufungua mapazia saa nane mchana, Doha, mwezi wa saba, ni kulikaribisha jua sebuleni. Madamu wa namba tatu alinieleza kwa upole kwamba makochi yake ni ya kitambaa cha rangi ya maziwa. Namba kumi walisema wataona. Namba tano mume alisema mtoto hulala saa hizo. Kwa wale wanaofanya kazi za nyumbani niliandika katika kundi letu la WhatsApp: Jumapili saa nane, gari la Mama Milcah likiingia, fungueni mapazia ya mbele, likipita fungeni. Mmoja wa wale dada wawili wa Kifilipino wa namba moja akajibu kwa picha ya mikono iliyounganishwa. Mwingine akaandika, bosi wangu atalalamikia bili ya umeme. Wengine walisoma wakanyamaza.

Mzee wa Kihindi wa namba nne alinifungulia mlango mwenyewe. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha sekondari, polepole. Hakusema atafungua wala hatafungua. Aliuliza tu, "Yule bibi wa dirishani?"

"Ndiye."

Akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango.

Jumapili niliamka nikasugua kizingiti cha mlango wa mbele, nikiwa nimepiga magoti, kabla jua halijawaka. Jiwe lile maalumu hatuna, nilitumia brashi na sabuni. Nikapiga pasi gauni langu jeusi. Owen aliondoka mapema kwenda hospitali na mkoba wake wa safari, maana ndege ilikuwa jioni na alikuwa anasafiri na mama yake. Mlangoni alinishika mikono yote miwili, akasema asante.

Nilikuwa nimepanga kusimama nje. Ilipofika karibu na saa nane nilibadili mawazo. Nje angesimama mtumishi wa nyumba anayeaga. Ndani ya dirisha angekuwa mtu wa mtaa. Nikaingia chumbani kwa Mama, nikasimama kando ya kiti chake, nikavuta mapazia yote mawili mpaka mwisho. Mwanga uliniingia machoni kama maji. Nilipoweza kuona tena niliona upande wa pili wa barabara nyumba sita, zote zimefungwa.

Lango lilifunguliwa. Kiptoo alikuwa amevaa kofia ya sare ambayo huwa haivai, na alisimama wima. Gari lilikuwa jeupe, la kawaida, bila alama, likienda mwendo wa mtu anayetembea. Nadhani Owen alimwomba dereva hivyo, au dereva alijua mwenyewe.

Pazia la namba moja likafunguka. Wale dada wawili wa Kifilipino walikuwa wamesimama bega kwa bega. Kisha namba mbili. La namba tatu halikufunguka, gari likaanza kulipita, na nikasema moyoni, si kitu, makochi ni makochi. Ndipo pazia likavutwa kwa nguvu, na aliyekuwa pale alikuwa madamu mwenyewe, amejifunika kichwa kwa mtandio. Namba tano hapakuwa na mtu. Namba sita walifungua kidogo, upana wa uso wa mtoto. Upande wangu sikuweza kuona, lakini Faridah aliniambia baadaye kwamba yeye alifungua yote, na kwamba alilia, kwa sababu ndivyo anavyojua.

Mzee wa namba nne alifungua wakati gari liko mbele yake hasa. Alikuwa amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alisimama akalitazama gari. Kisha akainua mkono na kuupunga, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hapakuwa na nzi wowote.

Gari lilipofika kwangu nilimwona Owen kiti cha mbele. Nilipunga mkono. Nilipunga kama Mama alivyopunga, kwa furaha ya kuona mtu ninayemjua. Owen alikuwa anatazama madirisha, moja baada ya jingine, kama mtoto aliyetolewa jikoni. Aliponiona akainua mkono wake, akauweka juu ya kioo, akauacha hapo mpaka gari likageuka mwisho wa barabara na kurudi langoni.

Walifunga mapazia haraka, maana joto ni joto. Mimi nilichelewa kidogo.

Nimeandika haya kwa sababu nina mengi ya kumshukuru na hayupo wa kuambiwa. Alinikalisha mezani kula naye tangu siku ya kwanza. Alinipa mji mzima ambao haupo tena, na watu wake wote, Bi Edna, Arthur, mke wa Arthur na glavu yake, na sasa nao ni watu wangu. Alizikwa Kaimosi kando ya mumewe Jumamosi iliyofuata, mvua ikinyesha kidogo. Nilitazama kwenye simu.

Owen amerudi. Nitaendelea kufanya kazi kwake mpaka mkataba uishe mwezi wa tatu. Mapazia ya chumba cha Mama nayafungua alfajiri, na nayafunga kabla jua halijafika dirishani.